Milango ya Pwani ya Kusini

Mwezi wa Januari, jua la kiangazi linapokuwa limeukausha mji na vumbi la Likoni limetanda juu ya mabati na majani ya miembe, watu wa nchi kavu huuhesabu msimu huo kuwa ni wa joto na tabu. Walakini kwa watu wa bahari huo ndio wakati wa neema, kwa kuwa kaskazi imekwisha kushika mahali pake, maleleji yamepita, na upepo ambao babu zetu waliungojea kwa kuhesabu miongo ya siku tangu Nairuzi, mwaka mpya wa mabaharia, huvuma mchana kutwa kutoka upande mmoja bila ya kumsaliti mtu. Upepo huo ndio uliokuwa ukiyaleta majahazi ya Ghuba na ya Hadhramauti hata Bandari ya Kale ya Mombasa, kisha ukayachukua mengine hata Unguja na mikoko ya Rufiji, kama alivyoshuhudia baharia wa Australia, Alan Villiers, alipopanda bumu la Kuwait katika msimu wa 1938 na 1939. Na ndio huo huo uliotuchukua sisi kutoka Ras Bofu hadi kisiwa cha Wasini, mwendo wa maili za bahari zipatazo 40, baina ya alfajiri na alasiri ya siku moja.

Mimi ni mkaazi wa Bofu, na kama jirani zangu wengi njia ya kusini naijua kwa matatu: lami itokayo Likoni, ikapita Tiwi na Ukunda, ikaendelea Msambweni hata Lunga Lunga mpakani. Njia hiyo imepita mbali na ufuo, nyuma ya minazi na mashamba, na anayeifuata huiona miji ya pwani kwa upande wa visogo vyake: maduka, vibao, vijana wa bodaboda kivulini, halafu kijia cha mchanga kinachopotelea upande wa jua. Kwa sababu hiyo yako maswali ambayo msafiri wa lami hawezi kuyapatia jawabu, nayo yalinikaa rohoni muda mrefu. Kwa nini Gazi ikawa pale ilipo, wala haikuwa maili mbili huku au kule, ilhali ufuo wote huonekana kuwa ni ule ule? Kwa nini wazee waliujenga msikiti wa Kongo kwenye mdomo wa mto Mwachema, chini ya mibuyu, mahali ambapo kwa macho ya mtu wa gari hapana sababu yoyote ya kuwapo msikiti? Nilidhani jawabu liko vitabuni. Liko baharini, na ilinibidi nitoke nje ya mwamba ndipo nilisome.

Mashua yenyewe ilikuwa ya Wasini. Ilipandishwa ufuoni kwetu ili itengenezwe, na mafundi wakaitia kalafati ya pamba katika kila upenyo wa mbao, wakaipaka sifa ndani hata harufu ya mafuta ya papa ikafika kwenye nyumba za karibu, na kuanzia mkukuni hata kwenye mstari wa maji wakaisiriba shahamu iliyochanganywa na chokaa, ili wadudu watoboao mbao wasipate pa kuingilia. Nahodha wake, mzee wa Kivumba mwenye maneno machache na macho yasiyotulia mahali pamoja, alikuwa akiirudisha kwao na shehena ya saruji, mabati na magunia ya unga. Nilimwamkia, "Salaam aleikum, ami," naye akaniitikia, akaniuliza kwanza habari za nyumbani na za wazazi kama ilivyo ada, ndipo akauliza haja yangu. Nilipomwambia kuwa nataka kwenda Wasini kwa tanga nikauone ufuo wote, alinitazama kitambo, kisha akanena: "Mashine ipo, mwanangu. Lakini kaskazi hii ni ya Mungu na petroli ni ya kununua. Njoo usiku, ulale hapa hapa. Maji yakianza kupwa hatumngoji mtu."

Ilikuwa bamvua, na mwezi mpevu. Katika pwani yetu siku za bamvua maji hujaa yakafika kikomo chake mnamo saa kumi za alfajiri, kisha huanza kurudi. Na kwa kuwa mkondo wa Kilindini hushuka kuelekea baharini wakati huo, nahodha mwenye akili haondoki mapema wala hachelewi, bali husubiri maji yenyewe yamsukume. Baada ya sala ya alfajiri tuling'oa nanga, tukaiachia mashua iende na maji na umande, ule upepo mwembamba utokao bara kabla ya jua kuchomoza. Kulia kwetu zilikuwa taa za Likoni. Kushoto, ng'ambo ya maji, Liwatoni, ambako watu wa kwetu waliwahi kuvuka kwa miguu juu ya daraja la kuelea lililofunguliwa Januari 2021 baina ya hapo na Ras Bofu. Mbele yetu feri zilikuwa zimekwisha anza kazi, zikiwa zimejaa watu waendao kisiwani kutafuta riziki, nasi tukangoja kando mpaka mbili zipishane. Hapo nahodha aliinua mikono akasoma Fatiha kimya kimya, nami nikaitika Amin bila ya kuuliza, kwani hakuna mtu wa Likoni asiyejua kuwa nyuma yetu, upande wa Mtongwe, tarehe 29 Aprili 1994 feri ilipinduka karibu na nchi kavu na watu 272 wakafa maji. Ziko nyumba za mitaa yetu ambazo hata leo zinaihesabu miaka kuanzia siku ile.

Jua lilipochomoza tulikuwa tumeipita Ras Serani na mibuyu yake, na mbele kulikuwa na milia miwili myeupe ya povu, mmoja kaskazini na mmoja kusini, na katikati njia pana ya maji meusi. Miamba hiyo miwili imeandikwa katika ramani za Kiingereza kwa majina ya manowari, Leven na Andromache. Na Leven ilikuwa meli ya nahodha Owen, aliyetumwa kuipima pwani ya Afrika, akafika Mombasa mwaka 1824 na kwa ombi la Wamazrui, watawala wa mji, akauweka chini ya hifadhi ya Uingereza, hifadhi iliyodumu miaka miwili tu. Nilimtajia nahodha wetu majina hayo. Alisikiliza kwa adabu, akasema kwamba yeye miamba hakufundishwa majina yake. Baba yake alimfundisha milango. Neno hilo lilinifunulia zaidi ya yote niliyowahi kusoma. Ramani huutaja mwamba kwa kuwa ndio uvunjao meli. Mtu wa pwani huutaja mlango kwa kuwa ndio umfikishao nyumbani.

Nje ya mwamba umande ulikufa, tukapata shwari ya muda mfupi, halafu maji ya upande wa matlai yakaanza kukunjamana na kubadilika rangi, na nahodha akasema, "Tweka." Kazi hiyo niliitazama kwa makini kwa sababu sasa haionekani kila siku. Tanga lilikuwa limekunjwa kwa urefu wa foromali na kufungwa kwa nyuzi za ukindu, moja kila hatua, wala hazikukazwa sana. Mabaharia wawili na kijana mmoja walishika jarari, wakavuta kwa kupokezana sauti, abedari ikalia, na foromali ikapanda mlingotini taratibu hali tanga lingali limefumbwa. Ilipofika juu, kamba ikafungwa, na kwa muda mashua ikawa kama haina tanga kabisa. Ndipo baharia mmoja akaivuta demani kwa nguvu zake zote: ukindu wa mwisho ukakatika, ukafuata wa pili na wa tatu, tak, tak, tak, kwenda juu, na tanga likafunguka lote kwa mara moja, likajaa kaskazi, mashua ikainama kidogo upande wa bara, ikaanza kunena na maji chini ya omo. Hapana aliyesema kitu. Nahodha akaigeuza kana, jua likawa kushoto kwetu nyuma, na safari ya kusini ikashika.

Kutoka hapo nilikwenda kukaa omoni, ambako tanga halikunizibia bara, na kwa saa nyingi kazi yangu ikawa ni kutazama. Jambo la kwanza analoliona mtu aliye nje ni kwamba pwani hii ina ukuta. Mwamba wa matumbawe huambaa na nchi tangu Malindi hata Msambweni, umbali wa nusu kilomita au moja, au hata mbili, na mawimbi huvunjikia juu yake mchana na usiku, hata chombo kilicho nje hakina njia ya kuingia ijapokuwa kinaona watu wakianika nguo zao. Ndani ya ukuta maji ni ya kijani na yametulia. Nje ni bahari kuu. Mtu aweza kuwa na nyumba, kisima na minazi mbele ya ukuta huo, akawa maskini wa bahari, kwa kuwa hana pa kutokea. Halafu, mahali fulani, lile povu hukatika, maji meusi yakaingia ndani, na ukitazama nyuma ya ufa huo, karibu kila mara utaona mdomo wa mto.

Sababu yake si siri. Matumbawe ni viumbe hai, na kiumbe huyo hawezi kuishi katika maji matamu wala katika tope. Basi kila mto unapomwaga maji yake, matumbawe hushindwa kujenga, na ukuta hubaki wazi. Tena katika zama za barafu, bahari iliposhuka zaidi ya mita 100, mito hiyo hiyo iliichimba nchi ikafanya mabonde marefu, na bahari iliporudi ikayajaza: Kilindini yetu, penye meli kubwa za leo, ni bonde la mto lililozama. Kwa hiyo mto ulifungua mlango, na mlango ukauleta mji. Wazee walijenga pale walipoweza kuingia na kutoka, tena palipokuwa na maji ya kunywa, na mahali pote pengine wakapaacha kwa ndege.

Tuliufikia mlango wa Mwachema mnamo saa tatu, maji yakiwa yamepwa sana hata mwamba wa pande zote mbili ulisimama wazi, mweusi, na watu wakitembea juu yake wakitafuta pweza kwa vyuma vyao. Kati ya Tiwi na Diani ukuta unavunjika, mto unaonekana kwa rangi yake, na juu ya ukingo wa kusini, katikati ya mibuyu minene, ndipo ulipo msikiti wa Kongo, jengo la mawe la karne nyingi, ambalo hata leo linasaliwa. Kwa njia ya lami huufikia kwa kuuliza watu mara kadhaa. Kwa njia ya bahari ni jambo la kwanza unaloliona, na mtu aliyetoka mbali, mwenye chumvi usoni na shukrani moyoni, hangeweza kupata mahali pengine pa kuswali rakaa zake mbili kabla ya huo. Swali langu la miaka likajibiwa pasipo mtu kunena. Mji uliokuwapo umekwenda. Mlango upo, na msikiti umebaki kuulinda.

Hoteli za Diani na Galu sina la kuzieleza ambalo msomaji hajalisikia. Zilipita kulia kwetu saa nzima, paa baada ya paa, na nyuma yake, mbali, vilima vya Shimba vikiwa vya buluu. Niliona tu kwamba zimejengwa mbele ya ukuta usio na mlango, kwa kuwa waliozijenga hawakuhitaji bahari iwapeleke popote. Kaya ya Kinondo ilijulikana kwa weusi wa miti yake, kwani ni msitu mtakatifu wa Wadigo ambao haukatwi, nao ni miongoni mwa makaya ya Wamijikenda yaliyotiwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2008. Na nahodha akaniambia kwamba weusi huo ni alama kwa mabaharia, wakiuona huanza kuikaribia rasi ya Chale kwa hadhari.

Kaskazi ilikuwa sasa imekuwa kamili, upepo wa tezi wa upande, na mashua ikikimbia. Walakini tulikuwa tukienda kinyume cha maji, kwa kuwa katika pwani hii mkondo mkuu wa bahari huelekea kaskazini mwaka mzima, na kaskazi huupunguza tu isiweze kuugeuza. Nahodha huujua mkondo kwa jinsi mshipi unavyolala nyuma ya tezi. Mshipi huo ndio uliotupatia nguru wa chakula cha mchana, akapikwa juu ya jiko lililowekwa katika sanduku la mchanga, na wali wa nazi, na ndimu iliyotoka Likoni. Tukaswali adhuhuri kwa zamu, mmoja akishika kana.

Gazi nataka kuizungumzia kwa kirefu kidogo. Nahodha, alipoona hamu yangu, aliisogeza mashua mpaka karibu na mdomo wa ghuba, akaniita nije tezini niyatazame maji kwa macho yake. "Buluu nyeusi, pita. Kijani, kuna mchanga, pita ukijua maji yako. Ikiwa kahawia, huo ni mwamba, ondoka hima." Ghuba ile imefumbatwa na Chale upande wa mashariki, mdomo wake unatazama kusini, na ndani yake inaingia mito miwili, Kidogoweni na Mkurumuji, basi mtu aliyemo ndani hasumbuliwi na kaskazi wala na mawimbi ya kusi, upepo wa kutoka kusini, yanayovunjikia mwambani nje. Si ajabu kuwa Sheikh Mbaruk bin Rashid al-Mazrui aliifanya makao yake. Alipoinuka kupigana na Waingereza katika mwaka 1895, alikuwa na msitu nyuma yake na bahari mbele yake, na iliwachukua mpaka mwaka uliofuata kumshinda, akavuka mpaka akaingia katika nchi ya Wadachi, akakaa Dar es Salaam hata kufa kwake. Nilikuwa nimesoma habari hizo mara nyingi kama habari za watu na hasira zao. Kutoka kwenye maji ya mlango ule niliziona pia kuwa habari za mahali: palikuwa ni pazuri mno kuachwa bila ya vita.

Na hiyo mikoko! Mbele kabisa, miguu ikiwa ndani ya maji ya bahari, ni mililana. Nyuma yake mikoko yenyewe na mizizi yake ya matao. Kisha mikandaa, na michu kando ya nchi kavu. Vizazi vya watu vilikata boriti hapa, na nyingi zikapelekwa Arabuni kaskazi ilipokwisha, wakati wa kusi, zikawa dari za nyumba za watu wasioujua mti huu. Tangu mwaka 2013 wanakijiji wa Gazi na wa Makongeni wanaulinda msitu wa hekta 117 kwa mpango uitwao Mikoko Pamoja, ambao huuza kwa walimwengu ile hewa ya kaboni ambayo miti hii huizuia ardhini, na fedha zake zikaleta maji na kusaidia shule. Nilifurahi kwa dhati. Maana mikoko ndiyo inayolishika tope la mito lisiende likaua matumbawe ya nje, na ikikatwa, ukuta na mlango vyote viwili huharibika.

Msambweni tuliipita kwa mbali. Baadaye ukaja mlango wa Funzi, mpana na wenye mafungu ya mchanga, na nyuma yake mto Ramisi umejificha katika mikoko. Na upande wa bara kilima cha Jombo kikasimama peke yake, ambacho nahodha alikitazama kila baada ya muda kama mtu atazamaye saa.

Wasini ilinikanusha kidogo, nami naona ni haki niseme. Ni kisiwa cha mawe ya matumbawe ya kale, hakina mto, na tangu hapo watu wake wameyategemea maji ya mvua yaliyokusanywa katika mabirika. Kwa hesabu niliyokwisha kuifanya tangu asubuhi, pasingekuwa na mji. Lakini hapo kisiwa chenyewe kimelala sambamba na nchi kavu, kikaacha mkondo mrefu wa maji yenye kina baina yake na Shimoni, na mkondo huo ni mlango usiohitaji mto kuufungua. Ndiyo sababu Wavumba, waliokuwa na madiwani na utawala wao katika Vumba Kuu, walitia nanga hapa na kuvumilia kiu. Tuliingia kwa upande wa Mkwiro, maji yakijaa nyuma yetu na kutusukuma, mapango ya Shimoni yakiwa ng'ambo, na vyombo vya watalii vinavyorejea kutoka Kisite vikitupita kwa mashine. Nahodha akaamuru tanga lituliwe, kijana akatosa nanga, na watu wa kijiji wakaingia majini kiunoni kuipokea saruji.

Baada ya Maghribi niliketi barazani na daftari, nikamsomea nahodha milango aliyonitajia kutwa nzima na alama za kila mmoja, kwa kuwa sikujua kitabu kilichoiandika kwa lugha yetu, na wenye kuijua kwa tanga ni wazee. Tulipofika mlango wa Funzi mzee mwenziwe akaweka kikombe cha kahawa chini. Akasema alama niliyoisoma, ile ya mivinje miwili, ilikuwa ya zamani. Mivinje ilianguka, na mtu hana budi kushika kilima cha Jombo juu ya ncha ya mikoko. Nahodha akasema mvinje mmoja umebaki, naye ameuona leo. Mwenziwe akamwuliza ameuona au ameukumbuka. Wakaendelea hivyo kwa muda mrefu, sauti zikipanda na vijana wakisogea kusikiliza, na jambo walilokubaliana ni moja tu, kwamba siku za maji mafu mgeni asiuingie mlango ule usiku. Nikayaandika maneno ya wote wawili, kila mmoja na alama yake. Na kabla ya adhana ya Isha mzee wa tatu akavuta mkeka wake karibu, akasema kwamba wote wawili wamelisahau fungu la mchanga lililohamia hapo kusi iliyopita.